Unga wa Miezi Tisa

Alhamisi, tarehe 9 Februari 2017, saa nne na dakika kumi asubuhi, fundi bomba mmoja mwenye umri wa miaka hamsini na sita alipokea komunyo akiwa kitandani kwake. Daftari la wagonjwa la parokia limeandika habari hiyo kwa wino wa bluu: kitubio, mpako wa mafuta, komunyo, sahihi ya paroko. Ilikuwa komunyo yake ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa, na ndiyo ikawa ya mwisho. Alifariki Jumamosi.

Daftari halisemi kwamba hostia ile, mkate wa komunyo, iliokwa jikoni kwake mwenyewe, hatua nane kutoka kitandani. Wala halisemi kwamba mkewe, aliyeioka, alisimama mlangoni akijua kuwa haikuwa hostia.

Watoto wa mtaa humwita mwanamke huyo Mama Hostia, na watu wazima wameliiga jina hilo. Ameioka hostia ya parokia tangu mwaka 1995. Chombo chake ni chuma cha umeme chenye mabamba mawili yanayofunikana kama kitabu, la chini limechorwa misalaba. Humimina uji mwepesi wa unga na maji, hufunika, huhesabu hadi tisini, hufunua. Inatoka karatasi nyeupe, kavu, kubwa kama sahani. Karatasi hizo hulazwa chini ya kitambaa kibichi hadi kesho yake ili zisipasuke, kisha hukatwa vipande vya mviringo kwa bomba la chuma. Vilivyovunjika huwekwa pembeni. Vizima huingia kwenye makopo, na makopo huenda sakristia, chumba cha maandalizi cha kanisa, kila Jumamosi.

Sharti ni moja: unga wa ngano mtupu na maji. Hakuna chumvi, hakuna hamira, hakuna unga mwingine. Masista waliomfundisha walimwambia hivyo siku ya kwanza, kabla hata hawajamwonyesha pa kuchomeka waya. Hostia ikiwa na unga mwingine wa kiasi cha kuonekana, padre atasema maneno yote, kengele italia, watu watapiga magoti, na mkate utabaki mkate.

Agosti 2016 ngano iliadimika. Duka la jumla likaleta mifuko mipya yenye picha ile ile ya suke la ngano. Mama Hostia alinunua mitatu. Karatasi zilitoka nyeupe kuliko zamani na hazikupasuka ovyo. Paroko, mtu mwenye sauti nzito na mzaha mwepesi, alimsimamisha nje ya sakristia.

"Mama, siku hizi mkono umetulia. Hostia inang'aa kama meno ya mtoto."

"Ni Mungu tu, Padre."

Mwezi wa Oktoba alikuwa akichana mfuko mtupu autandike kwenye rafu. Karibu na mshono wa chini palikuwa na mstari wa maandishi madogo. Alivaa miwani. Ngano asilimia sitini, muhogo asilimia arobaini. Aliivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akasoma tena.

Hesabu aliifanya pale pale, amekaa juu ya kibao cha jikoni. Misa za miezi miwili. Maziko saba. Ndoa nne. Watoto thelathini na wanane wa komunyo ya kwanza, kati yao mjukuu wa jirani yake, ambaye Mama Hostia mwenyewe alimshonea gauni jeupe. Akakata shauri kumwambia paroko Jumapili.

Jumapili hiyo askofu alikuja kutoa kipaimara. Mama Hostia alikaa benchi la tatu akamtazama askofu akiinua, kwa mikono miwili, hostia kubwa ya muhogo. Baada ya hapo, anasema, ilikuwa kama mtu aliyeanza kudanganya umri wake: kila mwaka unaongeza uongo bila wewe kufungua mdomo. Kuagiza ngano safi kutoka mji mwingine kungetaka maelezo. Kunyamaza hakukutaka kitu. Aliendelea kuoka.

Mumewe hakuwa mtu wa kanisani. Mwaka 1998 kaka yake alijiua, na paroko wa wakati huo akakataa kumzika kwa misa. Fundi bomba alichimba kaburi pamoja na majirani, akamfukia kaka yake bila sala, na tangu siku hiyo hakupita tena mlango wa kanisa, hata kutengeneza bomba lililopasuka. Mama yake mzazi, aliyeishi nao, alimlilia. Mkewe alimwombea. Yeye aliwacheka wote wawili.

"Nyinyi salini, mimi nazibua vyoo. Tuone nani anahitajika zaidi mtaani."

Ini ndilo lililomwangusha. Mwishoni mwa Januari 2017 tumbo lilikuwa limejaa maji na macho yalikuwa ya njano. Jumatatu, tarehe 6 Februari, alimwita mkewe.

"Mwite huyo padre wako."

"Kweli, baba?"

"Miaka yote hii unaoka mikate ya watu, mimi hata kuonja. Au mpaka nilipe?"

Mama mkwe alisikia kutoka chumba cha pili akapiga kigelegele kwa sauti iliyokwaruza. Walikubaliana na paroko aje Ijumaa.

Mama Hostia alikuwa na mpango. Dada yake alikuwa amempatia kilo moja ya ngano safi. Angeoka Alhamisi mchana hostia chache, azikate alfajiri, azipeleke sakristia zitumike katika misa ya Ijumaa asubuhi, na moja kati ya hizo imfikie mumewe. Wengine wote angewafikiria baadaye. Kwa mtu mmoja tu alitaka iwe kweli.

Alhamisi saa nne kasoro, akiwa anapima unga, alisikia hodi. Paroko alikuwa mlangoni na stola, utepe wake wa upadre, shingoni. Ijumaa alikuwa ameitwa kwenye semina, kwa hiyo amekuja leo. Kikopo kidogo cha dhahabu kilikuwa kifuani pake, na ndani yake hostia kutoka tabernakulo, kisanduku cha altareni, moja ya zile za muhogo.

Alikuwa na muda wa kusema. Kitubio kilichukua dakika ishirini, mlango umefungwa, na yeye na mama mkwe wamesimama nje. Mama mkwe alimshika mkono akasema, "Umenirudishia mwanangu, mkamwana." Mlango ulipofunguliwa, Mama Hostia alisimama kizingitini. Aliona paroko akimpaka mgonjwa mafuta. Aliona kikopo kikifunguliwa.

"Mwili wa Kristo."

"Amina." Mgonjwa alitafuna taratibu, akaomba maji, akameza. "Kumbe haina hata chumvi," akasema.

Paroko alicheka. Mama mkwe alilia kwa furaha. Unga safi ulikuwa bado kwenye bakuli jikoni.

Ngano ya kawaida ilirudi madukani Mei. Karatasi zikaanza tena kupasuka, na paroko akatania kwamba mkono umezeeka. Miezi tisa ilikuwa imekwisha. Mama Hostia aliendelea kupeleka makopo, lakini yeye mwenyewe hakupokea tena. Alipoulizwa alisingizia tumbo.

Lililomsumbua halikuwa dhambi peke yake. Katika miezi ile tisa hakuna kilichobadilika. Wafiwa walifarijika palepale walipofarijika siku zote. Mwanamke mmoja alisimama Januari kutoa ushuhuda kwamba goti lake limepona wakati wa kuabudu, mbele ya kile kipande kikubwa cha muhogo kilichowekwa kwenye monstransi, chombo cha kuonyeshea hostia, na kanisa zima likapiga makofi. Hakuna aliyehisi upungufu. Hata padre. Hata askofu. Alijiuliza, kwanza kwa woga, halafu kwa ukavu wa mtu anayepima unga: ikiwa hakuna awezaye kuonja tofauti, tofauti iko wapi? Na swali hilo lilipokosa jibu, aliona kwamba hasali tena. Alikuwa akisema maneno tu, kama mtu anayepiga simu nyumba ambayo watu wamehama.

Mama mkwe, kwa upande wake, alikuwa na utajiri mmoja, na aliutumia kila siku. "Mwanangu kafa na Bwana mdomoni," aliwaambia wageni, muuza mkaa, nesi wa kliniki. Mwanawe mmoja alikuwa amefukiwa kama mbwa. Huyu wa pili alikuwa ameokoka. Usingizi wake ulikuwa juu ya sentensi hiyo.

Februari 2019, akiwa na miaka themanini na minne, alianguka bafuni akavunjika nyonga. Daktari alisema hatatembea tena, na kifua chake hakikuwa kizuri. Wiki ya kwanza ya Machi alimwita mkamwana wake.

"Muda wangu umefika. Usinibishie, mimi si mtoto. Nioke."

"Mama, makopo yamejaa sakristia."

"Sitaki ya makopo. Nataka uniokee mwenyewe, kama ile uliyomwokea mwanangu. Ile ile. Nimkute kule nimwambie tumekula mkono mmoja." Akacheka hadi akakohoa. "Mbona umenuna? Au unaogopa nitakumalizia unga?"

Ijumaa, tarehe 8 Machi, Mama Hostia alipiga magoti kitubioni akaeleza yote.  Kutoka upande wa pili wa wavu, paroko akamweleza jambo analolijua kila mlei aliyefundishwa vizuri: aliyoyasikia pale hawezi kuyatumia popote, hata kumwaga kopo moja la hostia. Kama anataka jambo lishughulikiwe, ni lazima aje ofisini aseme upya, nje ya kitubio, kwa hiari yake.

Alikwenda Jumatatu. Ofisi ni chumba chenye meza moja, kabati la chuma la madaftari na kalenda ya mwaka uliopita. Alisema upya. Paroko aliandika, na kalamu ilisimama mara kadhaa.

"Nilizika watu arobaini na mmoja katika miezi hiyo," akasema. "Misa zao zote zitarudiwa. Itanibidi nimwandikie askofu."

"Na mume wangu?"

"Alitubu. Akapakwa mafuta. Hayo yalikuwa halali kabisa, mama. Shika hayo."

"Mafuta hakuyaomba, Padre. Aliomba komunyo."

"Mungu hafungwi na sakramenti zake. Anaweza kumfikia mtu bila mkate."

"Basi mimi miaka ishirini na minne nilikuwa naoka nini?"

 Mama Hostia akajaribu njia nyingine, ile ya divai, kwani katika misa divai nayo hubarikiwa. Alikuwa ameiwazia nyumbani.

"Divai ilikuwa safi?"

"Divai ilikuwa divai," akasema paroko. "Lakini mumeo hakupewa divai."

Alifunga daftari. Mama Hostia anasema alimhurumia kwa mara ya kwanza: mtu aliyeinua mikate mitupu zaidi ya mara mia tatu akidhani ni kitu kingine. "Kwa nini hukunivuta pembeni siku ile?" paroko akauliza. "Ningekimbia kwa jirani yangu, paroko wa mjini, nikarudi na hostia halali kabla ya saa saba."

Hilo hakuwa amelifikiria kamwe. Katika miaka miwili ya kujihoji, hakuwahi kukumbuka kwamba kuna parokia nyingine, waokaji wengine, hostia nyingine. Alidhani dunia nzima inakula kutoka jikoni kwake. Saa saba ingetosha. Mumewe aliishi hadi Jumamosi.

Tangazo litasomwa kanisani, paroko akasema, lazima. Jina lake halitatajwa. Wote wawili walijua jina halikuhitajika, kwa kuwa parokia ina mwokaji mmoja.

Alhamisi mchana alimwosha mama mkwe, akambadilisha shuka, akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda. Alikuwa ameamua mama mkwe asisikie kwa watu.

"Mama, nina neno."

"Sema. Aliyenyamaza na jipu ndiye anayelala nalo."

Alimwambia. Mfuko, mstari mdogo wa maandishi, miezi tisa, Alhamisi ile. Bibi alisikiliza akiangalia dari.

"Yaani alikula muhogo."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Tulisimama mlangoni pamoja. Nimekushika mkono. Nikakushukuru." Alivuta pumzi kwa shida. "Ulijua wakati nakushukuru?"

"Nilijua, mama."

Bibi alifumba macho. Mama Hostia alimwambia yale ya paroko, kwamba toba ilikuwa ya kweli, kwamba mafuta yalikuwa ya kweli, kwamba Mungu hafungwi. Aliyasema kwa mpangilio mzuri, kama yalivyosemwa ofisini, na alijisikia akiyasema bila kuamini hata moja.

"Nyamaza," bibi akasema. "Nigeuze."

"Wapi, mama?"

"Ukutani."

Alimgeuza taratibu, mto mmoja mgongoni, mwingine kati ya magoti, kama nesi alivyowaelekeza. Jioni bibi alikataa uji. Ijumaa paroko alipokuja na komunyo alikataa pia. "Sijui umebeba nini humo," alimwambia bila kugeuza uso. Paroko alisimama dakika chache na kikopo chake mkononi, kisha akatoka. Bibi aliomba simu, akampigia binti yake.

Jumapili, tarehe 17 Machi, tangazo litasomwa katika misa zote mbili kabla ya baraka ya mwisho. Masista wa mji jirani wataleta hostia kuanzia wiki hiyo. Jumatatu, saa tatu asubuhi, wifi yake Mama Hostia atakuja na gari kumchukua mama yake, naye bibi amekwisha kusema kwamba akifa asiletwe tena katika nyumba hii.