Niliitika Kabla ya Kuona Uso

Kosa langu lilikuwa kuitika. Niliitwa mara moja, sikumwona anayeita, nikaitika. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana hata mimi ningesimuliwa haya zamani ningecheka. Lakini yalinipata mimi mwenyewe, na mama yangu yu hai, anaweza kuulizwa.

Nasoma mifumo ya taarifa za kompyuta katika chuo kimoja hapa Karagwe. Kabla ya chuo nilijifundisha mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nimekaa chini ya migomba kwetu Rugu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake: kila wakati anahofu kwamba kuna kitu kidogo wenzake wanakijua na yeye hakijui. Naweza kufuta mstari mmoja wa programu na kuuandika upya hadi macho yawashe. Ujumbe ukiingia, naujibu hata nikiwa nakula. Siwezi kuacha kitu bila jibu. Kumbuka hilo.

Muhula ule kila mmoja wetu alitakiwa kutengeneza mfumo wenye mlango wa kuingilia, ule unaodai jina na neno la siri. Wangu ulipendeza kwa macho. Mwalimu akaandika jina, sehemu ya neno la siri akaiacha wazi, akabonyeza. Mfumo ukamkaribisha ndani.

"Kijana," akasema mbele ya darasa, "mfumo wako unamwitikia kila anayebisha. Hata mwizi unamwambia karibu."

Walicheka. Ijumaa nikapanda bodaboda kwenda nyumbani, aibu imenikaa kifuani.

Kwetu mtandao unashika sehemu moja tu: mwisho wa kibanja, shamba letu la migomba, juu ya kichuguu, pale migomba inapoishia na mteremko wa bondeni unapoanza. Jumamosi mchana mvua ilikuwa imekatika na ukungu umeshuka hadi kwenye majani. Nilisimama pale kichuguuni nikisubiri somo lishuke kwenye simu. Nikasikia jina langu. Mara moja, kwa upole, kama mtu anayekuita chakula kiko tayari.

"Naam!" nikaitika.

Kimya. Mwingine angeachana nalo. Mimi nikawaza labda hakunisikia, labda ni mzee, atasema mtoto wa fulani hana adabu.

"Naja!" nikapaza sauti. "Nisubiri!"

Nikaingia migombani. Mwanamume alikuwa amesimama kati ya mashina mawili, amevaa koti la mvua na mabuti. Shikamoo ilinifika kooni ikakwama, na leo namshukuru Mungu kwamba ilikwama. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti, polepole, kama ya mtoto anayejifunza kusoma. Niliitazama hadi nikaielewa. Naam. Naja. Nisubiri. Alikuwa anarudia maneno yangu.

Uso wake ulikuwaje? Niamini, nikijaribu kuukumbuka naona mdomo tu. Ukungu ulipita kati yetu, na ulipoondoka yalibaki mashina mawili ya migomba. Kwenye tope hapakuwa na alama ila za ndala zangu.

Nilimkuta mama jikoni anamenya ndizi.

"Mama, umeniita?"

"Nikuite ya nini, na chakula bado?" Kisu kikasimama. "Kuna aliyekuita?"

Nikasema hapana. Msomi wa kompyuta angesema nini? Kuitika kulikuwa kosa. Kunyamaza ndiko kulikotaka kunipokonya mama.

Chuoni nilimsimulia Jovin, rafiki yangu, kijana wa Kyerwa ambaye hakuna jambo asilolitania.

"Na wewe ukaitika?"

"Niliitika."

"Mwenzangu! Kwetu hata mtoto anajua. Mtu mwenye shida na wewe ataita tena. Kinachoita mara moja kinataka sauti yako tu." Akanitazama, kisha akashindwa kujizuia. "Afadhali hukukitajia namba ya siri ya simu."

Nilicheka naye. Kulala, sikulala.

Wiki haikuisha. Alasiri moja, katika chumba cha kompyuta, mlango wa mfumo wangu ulikubali kufunga: bila neno sahihi, huingii. Furaha ikanizidi, nikampigia mama palepale.

"Shikamoo mama."

"Wewe mtoto, ni mchezo gani huu?" Alikuwa anahema. "Unanipigia simu na uko hapo mbele yangu?"

"Mbele wapi?"

"Si hapa kibanjani! Umekuja bila taarifa, nakuita, unasema unakuja, nikusubiri, halafu unazidi kuteremka. Miguu yangu ni ya kukimbizana na wewe?"

Kabla sijajibu, nikaisikia. Nyuma ya pumzi za mama, mbali kidogo, penye majani: "Naja. Nisubiri."

Unajua unavyoona haya ukisikia sauti yako iliyorekodiwa? Ilikuwa hiyo hiyo. Yangu.

Chini ya kibanja chetu kuna shimo walimochimba udongo wa matofali. Mvua zimelijaza, kingo zake zinateleza, na ndama wa jirani alifia humo. Mama alikuwa anateremkia huko.

"Mama, simama! Mimi niko chuoni. Huyo si mimi."

"Sasa nani ni nani?" Sauti yake ilishuka. "Yule ni mwanangu, na wewe ni mwanangu." Akawaza. "Ukiwa mdogo, senene uliwaitaje?"

"Senene," nikajibu haraka, kama niko kwenye mtihani.

Nilisikia miguu yake kwenye tope. Anaendelea kuteremka.

Nielewe. Nilipokuwa mdogo neno hilo, jina la panzi tunaowala kwetu, lilinishinda. Marehemu baba alikuwa akiita wageni waje kunisikia, wanacheka, nami nakimbilia nyuma ya nyumba kujifunza peke yangu. Siku nilipoliweza, lile la makosa nililizika. Sikulitamka tena maisha yangu yote.

"Nenene!" nikapiga kelele. Chumba kizima kikageuka. "Nenene, mama! Niliwaita nenene!"

Miguu ikasimama.

"Ee Mungu wangu," mama akasema. "Ni wewe." Kisha nikamsikia akiigeukia migomba, kwa ukali wa mama aliyezaa: "Na wewe uliye huko, senene uliwaitaje?"

"Naam," ikajibu sauti yangu. "Naja. Nisubiri."

Akapanda kurudi nyumbani bila kugeuka nyuma. Sikukata simu hadi niliposikia komeo la mlango. Darasa lilikuwa linacheka, isipokuwa Jovin. Alikuwa amesimama begani kwangu, na ile sauti ya pili aliisikia.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mama kila kitu. Hakunigombeza. Alisema neno moja tu lililokuwa likimsumbua: "Kile kitu hakikuniita mama hata mara moja. Ningepaswa kujua." Tukalizungushia lile shimo miti na miiba.

Ningependa kukuambia yaliishia hapo. Lakini mama huweka simu yake spika, maana sikio moja halisikii vizuri, na siku ile mimi nilipiga kelele. Majuzi jirani yetu, Mama Koku, alipita njia ya bondeni akitoka kukata majani ya mbuzi. Akaja kumuuliza mama taratibu, kwa huruma: "Kijana wako amepatwa na nini huko chuoni? Nimemsikia migombani anaongea kitoto. Nenene, mama. Nenene, mama."

Mimi nilikuwa chuoni.

Kwa hiyo wewe unayenisoma, ukiitwa na usimwone anayeita, funga mdomo. Usiogope kuonekana huna adabu. Mwenye haja na wewe ataita tena. Kila neno utakalolitoa, hicho kitu kitalishika, na hakitakuja nalo kwako. Kitalipeleka kwa anayekupenda.

Mimi situmi tena ujumbe wa sauti. Mama na mimi tuna neno jipya. Nilimwambia sikioni, ndani, mlango umefungwa. Na nikiitwa, hata darasani, hata na Jovin, naitika nikishauona uso.