Mchuzi Usiokorogwa

Jirani yetu Ibolya anadai baba mkwe wangu alimfukuza padri uani kwa kumkorogea mchuzi wake wa nyama ya ng'ombe. Sibishi. Kwake, mwiko ni mwiko. Sufuria huning'inia kwa mnyororo juu ya moto, naye huitikisa taratibu kama anabembeleza mtoto: "Tulia, mama, tulia." Paprika, ule unga wa pilipili nyekundu, huitia akishaepua, maana ikiungua huwa chungu. Jumapili mwanangu mchanga alimchekea kwa mara ya kwanza. Babu wa watu akaimwagia mchuzini paprika yote, sufuria ikiwa bado motoni. Moshi ukapanda. Dada zake, waliokuja kula mapishi ya bingwa, wakaita kutoka langoni, "Kaka, leo tunakula au tunafukizwa?" Akavua aproni, akanifunga nayo mimi kiunoni haraka. "Mwanangu," akaninong'oneza, "nakuomba, useme umepika wewe."