Doa Linalotembea

Anayelisikia jina la Mama Giza kabla ya kumwona hutarajia mtu wa kununa. Kisha mlango wa chumba cha eksirei unafunguliwa, anatoka mwanamke mfupi, mnene, aproni ya mpira imemfika magotini, anacheka kabla hujamwambia lolote. Jina lile alilipata kazini. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akijifungia kwenye chumba cha giza cha hospitali, anawasha taa moja nyekundu isiyodhuru filamu, anatoa picha za mifupa ya watu. Mpiga picha hupiga na daktari husoma, lakini ukimwuliza yeye atakwambia bila haya kwamba hao wawili wasingekuwa naye wangekuwa wapiga ramli tu.

Kazi hiyo anaifanya kwa mashine iliyo kubwa kama kabati la nguo, nayo hospitali nzima inaiita Mheshimiwa, kwa sababu asubuhi haiamki mpaka ipashwe moto nusu saa, na kwa kula dawa haina mpinzani. Filamu inaingia mdomoni ikiwa tupu. Rola zinaipokea, zinaizamisha kwenye dawa ya kwanza inayoitoa picha, kisha kwenye dawa ya pili inayoikaza isifutike, kisha kwenye maji, kisha inapita kwenye hewa ya moto, na baada ya dakika mbili inadondoka upande wa pili ikiwa kavu. Ikidondoka mbichi, Mama Giza anajua dawa ya pili imechoka. Ikitoka nyeusi tii, joto limepanda. Ikitoka imekwaruzwa, anaanza kupapasa njia yote iliyopita. Mara nyingi hata haingojei itoke. Anasikiliza rola zinavyozunguka, anatikisa kichwa na kusema, "Leo Mheshimiwa ana gesi tumboni."

Kila Jumamosi humwogesha. Anazitoa fremu za rola moja moja, anazisugua kwa sifongo na maji ya vuguvugu, anazirudisha. Tatizo la fremu hizo ni kwamba mbele na nyuma zinafanana kupita kiasi. Mwaka mmoja aliposhikiwa kazi na mtu mwingine, fremu iliwekwa kinyume, na Mheshimiwa akatafuna mguu wa mchezaji mpira, picha ikatoka imekunjika kama leso. Tangu hapo Mama Giza huweka nukta ya rangi ya kucha upande wa mbele wa kila fremu. Rangi yenyewe ni ya zambarau, aliyopewa zawadi na wifi yake, na mwenyewe husema ni rangi ambayo duka lilishindwa kuiuza. Jumamosi moja nukta zilikuwa zimefifia, akazipaka upya huku anaimba, akafunga mfuniko, akaenda zake nyumbani.

Sasa huyo wifi. Ni dada wa mumewe, mfanyakazi wa mashine ya kusaga nafaka, na mtaani wanamwita Redio kwa sababu hazimiki. Yeye na Mama Giza walikuwa wakitaniana tangu siku ya harusi. Redio akila kwa kaka yake lazima aulize, "Wifi, hii chumvi umeitia au umeionyesha tu?" Naye Mama Giza hujibu, "Nimekupunguzia, wifi, ulimi wako una chumvi ya kutosha." Mume alikwisha kuacha kuwaamua. Huinamia sahani yake na kula.

Redio alikuwa na kikohozi cha wiki tatu. Jumatatu alikuja hospitali akiwa na vumbi la unga mpaka kwenye nyusi, akapigwa picha ya kifua, na Mama Giza mwenyewe akaitoa. Daktari, mtu wa maneno machache, aliiweka kwenye kisanduku cha taa akaiinamia. Kwenye pafu la kulia palikuwa na doa jeupe, dogo, la mviringo. Akaagiza picha ya pili kesho yake. Jumanne doa likaonekana tena, ila sasa lilikuwa vidole viwili pembeni zaidi.

"Pengine alisimama tofauti," daktari alisema. "Pengine ni pumzi." Akaandika barua. Alhamisi asubuhi Redio aende hospitali kubwa, akachomwe sindano ndefu ya kifuani, wakate kipande cha pafu wakapime.

Redio alitoka na barua mkononi, akaja kusimama kwenye mlango wa chumba cha giza.

"Wifi," alisema, "limehama."

"Nini kimehama?"

"Doa. Jana lilikuwa pale, leo liko hapa. Linatembea ndani yangu." Akajishika kifua. "Kaka yangu bado hajui. Mwambie wewe, una maneno mazuri kuliko mimi."

Mama Giza alingoja utani ufuate. Haukufuata. Redio aliondoka akiambaa ukutani, hakumsalimia mtu hata mmoja kwenye foleni, na foleni yenyewe ilikuwa na majirani wanne. Hapo ndipo Mama Giza alipoogopa kwelikweli. Miaka yote hiyo alikuwa akiomba Redio inyamaze japo saa moja, na sasa ilikuwa imenyamaza.

Aliketi kwenye kigoda chake gizani. Alikuwa ameona mapafu mengi kuliko watu wengi walivyoona sufuria, na hakuwahi kuona ugonjwa unaohama vidole viwili kwa siku moja. Ugonjwa hukaa ulipokaa na kujenga. Kinachozunguka ni rola.

Wazo hilo lilimfurahisha na kumkera papo hapo. Lilimfurahisha kwa ajili ya wifi yake. Lilimkera kwa sababu lilimaanisha kuwa ndani ya Mheshimiwa, aliyemwogesha kwa mikono yake siku tatu tu zilizopita, kulikuwa na uchafu.

Alianza na yale ya kawaida. Joto lilikuwa sawasawa. Dawa zilikuwa zimejaa mpaka kwenye alama na maji yalikuwa yanakimbia vizuri. Picha za mikono na miguu za siku hiyo alizipitia zote, hazina hata chembe. Mtu mwingine angeishia hapo na kusema mashine ni nzima. Lakini Mama Giza alikumbuka jinsi anavyozilisha. Filamu ndogo huingizwa zikiegemea ukingo, na hazifiki katikati ya rola. Kifua ni filamu pana, na ndiyo pekee inayopita pale katikati.

Alichukua filamu moja pana, akaionyesha mwanga kidogo ili itoke kijivu kote, akailisha. Alizihesabu zile dakika mbili huku amemshika Mheshimiwa ubavuni. Filamu ilipodondoka aliinyakua ingali ya moto, akatoka nayo hadi dirishani.

Madoa yalikuwa manne, meupe, yamejipanga mstari mmoja kama vifungo vya shati. Akachukua rula. Kutoka la kwanza hadi la pili, sentimita nane. La pili hadi la tatu, nane. La tatu hadi la nne, nane.

"Umekwisha!" alisema kwa sauti, na mzee aliyekuwa akipita na mkongojo akageuka kwa hofu. "Samahani, baba, si wewe."

Sentimita nane ndio mzunguko mmoja wa rola. Kulikuwa na rola moja yenye kitu juu yake, na kila ikizunguka ilibonyeza alama. Alirudi kwenye picha mbili za Redio akaziangalia kwa jicho jipya. Doa lililo pafuni lilikuwa na ndugu zake: mmoja amejificha kwenye weupe wa moyo, mwingine nyuma ya ubavu, mwingine pembezoni kabisa ambako hakuna daktari anayetazama. Na kwa kuwa kila filamu hukuta rola imefika mahali tofauti kwenye mzunguko wake, safari hii doa huangukia hapa na safari nyingine pale.

Alimzima Mheshimiwa, akavaa glavu, akanyanyua fremu ya dawa ya kwanza, akaisuuza, akaanza kuzungusha rola kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine. Kwenye ya saba, katikati kabisa, aliliona. Lilikuwa tone dogo kama punje ya mtama, gumu, linang'aa. Lilikuwa la zambarau.

Mama Giza aliangua kicheko mpaka akaegemea sinki. Kisha kicheko kikakata. Hakuna aliyedondosha tone lile ila yeye. Nyimbo zake zile za Jumamosi, na brashi mkononi, na madaha. Akafungua daftari la picha. Tangu Jumatatu asubuhi vifua vya watu kumi na mmoja vilikuwa vimepita juu ya tone lile.

Akalibandua kwa ukucha, likatoka zima. Sasa alikuwa na njia mbili, na aliziona zote waziwazi. Angeweza kurudisha fremu, kumwita wifi yake apigwe picha ya tatu, na kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Lakini vile vifua vingine kumi vilikuwa na wenyewe, na pengine mmoja wao alikuwa nyumbani saa hiyo anaagana na watoto wake. Miaka kumi na tisa alikuwa amejisifu kwamba hakuna doa linalompita, na sasa yeye ndiye aliyelitengeneza. Akavua glavu, akachukua filamu ya kijivu, rula na kichupa cha rangi ya kucha, akaenda kugonga kwa daktari.

"Daktari, nimekuja kujishtaki."

Akamweleza yote, akapima sentimita nane mbele yake, akaweka lile tone mezani juu ya karatasi. Daktari alilitazama. Akatazama kichupa. Akavua miwani.

"Zambarau, Mama Giza?"

"Nilipewa zawadi, daktari."

Mabega ya daktari yalianza kutikisika, na mtu ambaye hospitali nzima haikuwahi kumsikia akicheka alicheka mpaka muuguzi akafungua mlango kuangalia kuna nini. Alipotulia alisema, bila kucheka sasa, kwamba amefanya vizuri kuja, na kwamba kuanzia leo rangi haiingii tena chumba cha giza. Wakakaa pamoja na picha za wale watu kumi na mmoja. Wawili wengine walikuwa wamepewa barua, mwalimu mstaafu na fundi viatu, wakapigiwa simu papo hapo. Fundi viatu alikata simu kabla ya kusema asante, wakasikia baadaye alikuwa amekwisha toka nje mbio kumwambia mkewe.

Redio aliitwa, akaja ameshikwa mkono na kaka yake, ambaye sasa alikuwa amekwisha kuambiwa. Mama Giza hakutaka kumpa tumaini kabla ya wakati. Tone lilikuwa la rangi, sawa, lakini kikohozi kilikuwa cha kweli, na nyuma ya doa la uongo huweza kukaa la kweli. Fremu ilirudishwa, Mheshimiwa akapashwa moto, na mpiga picha akapiga. Mama Giza akaipokea filamu gizani, akaiingiza.

Hakuwahi kumwomba Mungu mbele ya mashine, lakini siku hiyo alimwomba, tena kwa jina la wifi yake lote, la baba na la babu. Rola zilinong'ona. Kikaushio kikavuma. Filamu ikadondoka.

Hakuitazama. Alimpelekea daktari akiwa ameigeuza nyuma mbele, akasimama kando ya kisanduku cha taa huku amefumba macho.

"Safi," daktari alisema. "Mapafu yote mawili. Kikohozi hiki ni vumbi la unga. Utavaa kitambaa puani kazini, na dawa ya wiki moja."

Redio alikuwa amesimama mlangoni. Alikaa chini palepale, sakafuni, akalia kwa sauti ya mtoto. Mama Giza akakaa naye.

"Wifi, ni mimi," alisema. "Nilidondosha rangi kwenye mashine. Kosa ni langu lote. Nisamehe."

"Rangi gani?"

"Ile ya kucha. Uliyonipa wewe."

Redio alimkodolea macho. Kisha akamvuta kwa nguvu akamkumbatia mpaka aproni ya mpira ikalia.

"Niliogopa, wifi," alisema shingoni mwake.

"Mimi niliogopa zaidi. Nakupenda, mjinga wee."

"Nami nakupenda. Usimwambie mtu." Akajipangusa kamasi kwa ncha ya kanga, akasimama. "Nipe hiyo picha."

"Picha ni ya hospitali."

"Mapafu ni yangu. Nipe."

Daktari akaitikia kwa kichwa kuashiria ampe. Mama Giza akarudi kwenye kazi yake, kwani foleni ilikuwa imefika mlango wa nje na watu walikuwa wameanza kuguna. Alifunga mlango wa chumba cha giza, akawasha taa nyekundu, akachukua filamu inayofuata, goti la mtu. Nje, upande wa pili wa ukuta, sauti ikaanza kusikika kwenye korido, ikipita benchi kwa benchi, ikipanda.

"Tazama, mama! Tazama na wewe, baba, njoo karibu, hayaumi! Kulia safi, kushoto safi! Humu ndani hamna kitu, hamna kitu kabisa, ni hewa tupu!"

Mtu mmoja akapiga makofi, kisha benchi zima. Mama Giza aliishika filamu hewani bila kuilisha, akangoja kwanza mikono yake imalize kucheka.