Aachwe Atetee

Mama alijua tabia za kuku wake kuliko za mawifi zake, na hao mawifi alikuwa amewachunguza vizuri. Nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Mikelenge mjini Kindu, kulikuwa na mwekundu aliyeiba mpunga uliokuwa umeanikwa, na kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, aliyetaga kimyakimya chini ya kitanda cha wazazi. Wangu alikuwa mweusi. Alikula mkononi mwangu, alitaga vizuri kuliko wote, na kila akitaga alitetea mpaka mtaa mzima ujue.

Vita ilipofika Kindu, tukaamua kukimbilia shamba letu la msituni, njia ya Kibombo. Watu wenye bunduki walipita nyumba kwa nyumba, na kuku hawakubaki. Tungeweza kubeba mmoja tu, maana mikono yote ilikuwa na watoto na sufuria, na bila kuku wa mbegu tungerudi kuanza upya. Baba akamkamata mweusi, kwa kuwa ndiye mtagaji. Mama akamchukua mikononi mwa baba, akamwachia aende zake.

“Papa, huyu akitaga kule pori, atatuitia watu,” alisema. “Kishingo njo tutabeba, si huyu.”

Nilimchukia mama siku hiyo, na nililia njia nzima.

Asubuhi moja, kule msituni, watu wenye bunduki walipita kwenye kijia karibu na kibanda chetu. Tulichuchumaa katikati ya mihogo. Kishingo alikuwa ndani ya kitenge changu, na nikahisi yai la moto likitua mapajani mwangu. Hakutoa hata sauti. Wale watu wakapita, na chuki yangu ikaisha palepale.

Tuliporudi nyumbani, mweusi alikuwa manyoya tu mlangoni mwa jiko. Uzao wa kishingo ndio uliojaza ua tena, kwa msaada wa jogoo wa jirani.

Siku hizi nina ua wangu, hapahapa Mikelenge. Katika ukoo uleule wa kishingo yumo mmoja mweusi, shingo tupu, na kelele zake ni balaa. Majirani wamekwisha kulalamika. Juzi mkwe wangu alikuwa anakuja, na mkwe lazima achinjiwe kuku, firigisi awekewe yeye. Binti yangu akaja amemshika mweusi miguu, akasema aende huyo anayesumbua watu.

Nikamchukua mikononi mwake, nikamwambia wachinje jogoo.

“Mama, juu ya nini unamuchunga huyu?” aliuliza.

“Acha apige kelele mpaka achoke,” nikamjibu. “Sisi hatujifichi tena.”

Mweusi alitaga mkwe akiwa bado anakula firigisi, akaanza kutetea. Mkwe akapaza sauti ili tusikie habari za safari yake. Nikamwomba angoje kwanza, kuku amalize.