Mshale wa Munigi Ulipokaa Kwenye Njano

Kile kipimo nilikitengeneza kwa mikono yangu, na mpaka leo nikikikumbuka natamani kukivunja, ila hakivunjiki: ni picha tu kwenye kompyuta. Ni nusu duara, kama kipimo cha mafuta cha pikipiki, yenye mshale unaotembea kutoka kushoto kwenda kulia. Kushoto maji ni machache, kulia maji yanatosha. Kila mtaa tulioupelekea maji kwa lori ulikuwa na kipimo chake kwenye ripoti ya Jumatatu, na wakubwa walitazama mishale hiyo wakakata shauri lori liende wapi.

Nilikuwa fundi wa ripoti katika shirika dogo la maji hapa Goma. Wenzangu walidhani nalipwa kwa kuchezea rangi, na hawakukosea sana. Programu ile ukiiacha ilivyo inakupa duara la kijivu lisilosema kitu. Inabidi ufungue dirisha la mipangilio, uamue duara lianzie namba gani na liishie wapi, utepe uwe mnene kiasi gani, na hasa rangi zibadilikie wapi. Huo mpaka wa rangi ndio kila kitu. Ukiusogeza kidogo tu, mwenye kiu anaonekana ameshakunywa, na hakuna hata tone lililoongezeka kwenye tangi. Mimi nilijivunia mipaka yangu. Nilikuwa nimekubaliana na wapimaji wanaozunguka na madaftari: bidoni moja, dumu la lita ishirini, kwa watu watatu kwa siku, na chini ya hapo ni nyekundu.

Wiki ile mishale miwili iliingia kwenye nyekundu, wa Munigi na wa Kibati. Munigi ni mawe matupu yaliyomwagwa na mlima wa moto. Mvua ikinyesha, maji yanapotelea chini kana kwamba hayakuwahi kuwapo. Na Munigi ndiko anakokaa mama yangu mdogo, aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Nilijua mshale hausemi uongo, kwa sababu Jumapili nilimkuta akiwanawisha wageni mikono kwa kikombe kimoja, akakinga yale maji kwenye beseni ili aoshee sakafu.

Ijumaa asubuhi mkuu wetu akaniita ofisini kwake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mbaya unajua pa kumkamatia.

"Toa ile rouge," akasema, akionyesha nyekundu ya Munigi na ya Kibati. "Babailleurs bakiona rouge batasema hatutumiki. Weka verte." Alitaka wafadhili waone kijani, wasidhani hatufanyi kazi.

"Chef, kule maji hakuna. Verte siwezi."

Akashuka hadi njano. "Basi weka jaune. Jaune ni vigilance. Si ni onyo pia?"

Nikakubali. Kosa hili simtwiki yeye, ni langu. Nilitoka mle nikijiona nimepigana na nimeshinda, kwa kuwa nilikuwa nimeikataa kijani. Nikakaa nusu siku nzima nikichagua njano ya vipimo vyote viwili. Niliikataa ya ndizi, nikachukua ile nzito ya kiini cha yai la kienyeji. Nikaficha namba zilizokuwa chini ya mshale, kwani mkuu alisema zinachafua ukurasa. Nikapunguza unene wa utepe, nikaupa mshale rangi nyeusi. Kusema kweli vilipendeza, na nilimwita mwenzangu wa meza ya pili aje avione.

Nilisahau kwamba niko Goma. Mlima wetu wa moto una rangi zake za hatari, zimetundikwa kwa bendera mitaani ili kila mtu azione: kijani, njano, rangi ya chungwa, nyekundu. Njano imekaa juu ya vichwa vyetu miaka na miaka. Chini yake tumeoana, tumezaa, tumejenga nyumba za mbao juu ya mawe yaliyochoma zile za kwanza. Kwenye maandishi njano ni kukaa macho. Kwa mtu wa Goma njano ni siku ya kawaida, nenda sokoni. Nilikulia chini ya bendera hiyo, halafu nikaenda kuipaka mwenyewe juu ya kiu ya mama yangu.

Jumatatu ripoti ikawekwa ukutani. Msimamizi wa malori akaitazama, akajinyoosha kwenye kiti.

"Munigi iko jaune, Kibati iko jaune," akasema. "Hata mulima iko jaune na tunalala. Chifu wa Kibati amepiga simu mara tatu, kamio iende kwake. Ba Munigi bavumilie."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Lori likaenda Kibati.

Alhamisi mama mdogo na jirani zake walishuka na bidoni mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mpaka Kituku, wakachota maji ya ziwa. Pale ufukweni huwa kuna mtu anayetia dawa katika kila bidoni, lakini siku hiyo alikuwa hajafika, nao hawakumngoja kwa sababu njia ya kurudi ni mlima na jua lingewakuta. Jumamosi nilimkuta kwenye hema la wagonjwa wa kuhara, juu ya kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake. Alipona, nalisema mapema ili mtu asinililie bure. Lakini nilimwona amenywea hadi pete ikamtoka kidoleni.

Alipopata nguvu ya kusema, aliniuliza mimi hasa nafanya kazi gani. Siku zote nilimjibu, ripoti. Nikafungua simu nikamwonyesha. Akakunja macho.

"Hii ni nini?"

"Ni maji ya Munigi, mama."

"Iko jaune." Akafikiri. "Basi si ni muzuri?"

Nikamweleza kwamba hapana, maana yake maji hayapo.

"Mutoto yangu, kama maji haiko, si uandike tu maji haiko?"

Nilitoka nje ya hema. Nilimkasirikia mkuu, nikaikasirikia programu na madirisha yake, lakini zaidi nilijichukia mimi, fundi mzima, niliyewapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa halafu nikajisifia jinsi yanavyong'aa.

Jumatatu nikafika kabla ya wote. Nikakifuta kipimo cha Munigi, na mahali pake nikaandika kwa herufi kubwa: MAJI HAIKO.

"Nani ameharibu rapport?" mkuu akauliza mbele ya watu wote.

"Ni mimi, chef."

"Na hii ni couleur gani sasa?"

Nikamwambia hakuna rangi, mama yangu amelala kwenye kitanda chenye tundu, na ripoti yangu ilisema tuvumilie. Hakuna aliyecheka. Msimamizi wa malori hakuniangalia. Alichukua kalamu akaandika Munigi, siku ile ile.

Lori tulikuwa nalo moja tu. Waliliondoa Kibati wakalipeleka Munigi. Kipimo cha Kibati sikuwa nimekigusa, mshale wake ulikuwa bado kwenye njano niliyoipaka juu ya nyekundu, na huko sikuwa na mama.