Mgambo wa Uingereza Kwenye Meza Yangu ya Stafford

Mimi niliishia darasa la saba, na sioni haya kulisema. Nilifika Houston nikibeba masofa ya watu mgongoni. Leo nina malori matatu ya kuhamisha mizigo, na nyumba hii ya Stafford, mji mdogo kando ya Houston, hakuna aliyenishika mkono kuinunua. Kwa hiyo msishangae nikisema niliwahi kumsaidia msomi wa chuo kikuu kazi yake. Msomi mwenyewe ni binti yangu.

Anasoma historia huko Dallas. Siku aliyoniambia anachunguza maisha ya mgambo wa Uingereza wa karne ya kumi na nane, nilicheka hadi chai ikanipalia.

"Hata Mzungu alikuwa na mgambo?"

"Tena wa lazima, baba. Inapigwa kura, jina lako likitoka, unakwenda."

Likizo ile alikuja na picha za karatasi kuukuu, akazitandaza mezani mpaka mama yake akatuhamishia sahani jikoni. Mwandiko wenyewe kama kuku kapita. Lakini binti yangu aliusoma! Akanionyesha huyu mfumaji, huyu kibarua wa shamba, huyu kaweka alama ya msalaba kwa kuwa hakujua kuandika. Watu wa jembe wale walitembea siku nyingi kwenda kulinda pwani ambayo wengine hawakuwahi kuiona. Mimi najisifia mgongo wangu, ndiyo, lakini mwendo ule kwa viatu vile? Niliwavulia kofia.

Kulikuwa na mmoja aliyemfuatilia sana, mfumaji mwenye mke na watoto wawili. Jina lake lilitoka kwenye kura, ila kwenye daftari la kikosi hayumo. Zilibaki wiki mbili akabidhi kazi kwa mwalimu wake, na sura nzima ilimtegemea mtu huyo.

"Nitaandika alitoroka," akasema.

Hapo nikamzuia. Kijijini kwetu jina la kaka yangu liliwahi kusomwa aende mafunzo ya mgambo, na mkewe alikuwa anakaribia kujifungua. Nikaenda mimi. Miezi mitatu nilikimbia mchakamchaka na bunduki ya mti begani, likiitwa jina la kaka naitika mimi, "Ndiyo, afande!" Kwenye karatasi zao mimi sikuwahi kuwa mgambo. Jambo hilo sikuwa nimemsimulia mtu yeyote Marekani.

"Mwanangu, mwenye watoto wawili hatoroki hivi hivi. Anatafuta wa kwenda badala yake. Huyo kaenda mdogo wake."

"Baba, umeanza. Ushahidi uko wapi?"

"Ushahidi si mimi hapa?"

Nikamsimulia yote, hadi bunduki ya mti. Kisha akakiri kwamba sheria yao iliruhusu kupeleka mtu mwingine, na kwamba waliokwenda hivyo waliandikwa kwenye orodha nyingine, iliyohifadhiwa Uingereza. Kuipata kungechukua siku, na siku hakuwa nazo. Mtu mwingine angeandika "alitoroka" akalala. Yeye aliagiza nakala, akaacha ukurasa wa mfumaji mweupe, akarudi Dallas. Alisubiri siku kumi na moja! Mimi niliyezoea kumfokea dereva akichelewa nusu saa, nisingeweza.

Simu yake ilinikuta mji wa Katy, nashusha friji ya mteja.

"Baba, umepatia! Hakutoroka. Alikwenda mtu badala yake."

"Nilikwambia! Mdogo wake!"

"Hapana. Fundi viatu wa kijiji cha jirani. Hata si ndugu yake."

Nikaketi kwenye ngazi za mteja. Mimi nilikwenda kwa ajili ya damu yangu. Yule fundi viatu aliacha nyundo yake akaenda kwa ajili ya jirani.

"Baba, upo? Kuna ukurasa wa kuwashukuru walionisaidia. Nikuandike vipi?"

"Jina langu," nikamwambia. "Lote. Safari hii liwe langu mwenyewe."