Chumvi ya Safari ya Hombolo

Baba alipouza ng'ombe wake wa mwisho na kuhamia kwangu mjini Dodoma, alishinda kwenye kigoda akitazama geti. Hali ile ilinichosha. Nikampigia simu mvuvi wa Hombolo anayetembeza wageni bwawani kwa mtumbwi.

"Mzee anakula samaki?" akauliza.

"Atazoea," nikamkatiza. Wagogo wa rika la baba hawana habari na samaki, na nilijua.

Nilitaka kumshtukiza, kwa hiyo nikamwambia baba tu kwamba kuna mtu nimeelewana naye Hombolo, twende tukaone. Nikanunua ndoano, nikachimba minyoo kwenye shamba la zabibu la jirani, ambako udongo haukauki. Baba naye akajiandaa: akaipaka fimbo yake mafuta, akafunga chumvi kwenye kitambaa. Nikacheka moyoni, nikidhani ameziona ndoano na chumvi ni ya kuungia samaki.

Tulipofika, mvuvi akamwamkia, akamwonyesha mtumbwi. Baba akaupita kama hakuuona. Akaenda hadi kwenye matope yaliyojaa alama za kwato, akafungua kitambaa chake, akanigeukia uso umemkunjuka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu, kijana akifanikiwa huweka ng'ombe kwa mtu wa mbali, kimya kimya, kisha siku moja humpeleka baba yake akawaone.

"Haya, mwanangu," akasema, "mwambie mchungaji wako awalete walambe."

Mimi nilikuwa nimeshika kopo la minyoo.